Cha Kula Utumbo Ukiwaka, na Cha Kula Ukitulia

Mhadhara uliotolewa mjini Homa Bay mbele ya walimu wastaafu, wauguzi na wakulima wa Homa Bay na Migori

Naomba radhi, maana mtu aliyeumaliza umri wake akifundisha Kiswahili na jiografia hana stahili ya kuzungumza juu ya utumbo hali safu ya mbele imejaa wauguzi. Stahili yangu ni moja, nayo sikuitafuta. Maradhi nitakayoyataja leo yamo tumboni mwangu huu mwaka wa nne, na tangu yalipoingia halijapita juma ambalo sijaulizwa, au sijajiuliza mwenyewe, swali la maneno mawili: nile nini?

Makusudio ya mhadhara huu ni kulijibu swali hilo kwa vyakula vyetu wenyewe, vile vinavyouzwa katika masoko ya Oyugis na Migori mjini na kupikwa katika nyungu zetu, kwa kuwa karatasi niliyokabidhiwa siku niliyotoka wodini ilininasihi nile matunda ya nchi za baridi ambayo mimi sijapata kuyaona ila pichani. Nina hoja tano, na baadhi ni ndefu kuliko nyingine. Rai yangu naitanguliza, ili mwenye haraka aende nayo: mwenye maradhi haya ana meza mbili, meza ya wakati wa moto na meza ya wakati wa amani, na takriban kila kosa nililoliona likitendeka, kwangu na kwa wenzangu, lilitokana na kuandaliwa meza hii katika wakati wa ile.

1. Maradhi yenyewe

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa mita moja na nusu hivi, na ukuta wake umezungukwa na misuli inayosukuma uchafu kwenda nje. Sasa misuli hiyo ina matundu madogo mno, ambamo mishipa ya damu hupenya kwenda kuulisha ukuta wa ndani, na kila penye tundu pana udhaifu. Wale waliopata kuendesha baiskeli kutoka Kendu Bay hadi Oyugis wanajua tairi kuukuu linavyofanya: likipata ufa, tyubu hutokeza pale penye ufa kama jipu, na baiskeli huendelea kwenda. Hivyo ndivyo ngozi ya ndani ya utumbo inavyotokeza kupitia yale matundu ikafanya vijifuko, aghalabu katika sehemu ya mwisho ya utumbo, upande wa kushoto chini ya kitovu. Madaktari huiita hali hiyo divertikulosi, nayo peke yake haiumi; huko Marekani zaidi ya nusu ya watu waliopita umri wa miaka 60 wanavyo vijifuko hivyo, na wengi huzikwa navyo bila ya kuvijua.

Taabu huja pale kijifuko kinapovimba na kuwaka, na hapo jina hubadilika likawa divertikulitisi. Hesabu za siku hizi zinaonyesha kwamba kati ya watu 100 wenye vijifuko, hawafiki watano watakaofikwa na moto huo. Lakini mimi nilikuwa miongoni mwao, na nawahakikishieni kwamba mtu akishikwa na maumivu yale, udogo wa hesabu haumpi faraja. Maumivu hukaa mahali pamoja, kushoto chini, yakafuatwa na homa, kichefuchefu, na choo kufunga au kulegea kinyume cha desturi yake.

Nami kwa kuwa nina homa na tumbo linauma, na kwa kuwa katika nchi yetu homa na tumbo zikiandamana huitwa taifodi kabla mgonjwa hajaketi, nilitibiwa taifodi katika zahanati moja kwa majuma matatu. Siwalaumu sana. Tangu zamani maradhi haya yamehesabiwa kuwa ya watu wa mbali, na tabibu huona kile alichofundishwa kukitazamia. Kwa nini yalihesabiwa kuwa ya watu wa mbali? Hapo ndipo panaponileta kwenye hoja ya pili, ambayo mwalimu wa jiografia hawezi kuipita mbio.

2. Jinsi wageni walivyojifunza kutoka katika nyungu zetu

Mwaka 1929 aliingia Kenya tabibu wa Kiingereza jina lake Hugh Trowell, ambaye baadaye alihamia Uganda, akatibu na kufundisha katika hospitali ya Mulago, Kampala, hata mwisho wa miaka ya 1950. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika, na jambo la ajabu katika kazi yake ni kwamba hakuhesabu tu maradhi aliyoyaona. Alihesabu pia yale ambayo hakuyaona. Mtu aliyesomea utabibu Uingereza alijua kwamba wazee wa kwao wamejaa vijifuko vya utumbo, na hapa alipitisha miaka baada ya miaka asikutane navyo ila kwa nadra.

Mulago hiyo hiyo alifika mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa amepoteza jicho moja utotoni na ambaye kituo chake cha kwanza Uganda kilikuwa Lira. Jina lake watu wa ziwani wanalijua kwa huzuni, kwani ndilo lililopewa ule uvimbe wa taya unaowapata watoto wa nchi za joto na malaria kama hii yetu, uvimbe alioueleza kwa maandishi mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri takriban maili 10,000 kutoka Uganda kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakiingia hospitali moja hadi nyingine na kuuliza swali jepesi: uvimbe huu mnauona, au hamuuoni? Alipokwisha kurudi Uingereza katikati ya miaka ya 1960, Burkitt aliichukua njia ile ile ya kuuliza akaielekeza kwenye maradhi ya utumbo. Aliziandikia hospitali nyingi za misheni za Afrika na kwingineko, wamjibu kila mwezi kwa karatasi fupi, na majibu yakamrudia yakiwa na sura moja: vijijini vijifuko havionekani, au havionekani ila kwa mmoja mmoja.

Mwaka 1971 yeye na mpasuaji wa London, Neil Painter, walichapisha dhana yao kwamba maradhi haya ni ya upungufu, kama vile kiseyeye kilivyo cha upungufu wa vitamini, na kilichopungua ni zile nyuzinyuzi za nafaka na mboga ambazo mashine za kukoboa huzitupa. Mwaka uliofuata wakatoa vipimo. Walikuwa wamewapa watu vidonge vidogo visivyoyeyuka, vinavyoonekana katika eksirei, wavimeze. Kisha wakakusanya kilichotoka, wakakipima kwa mizani na kuangalia saa. Naona kina mama wanacheka. Chekeni tu, maana nami nilicheka niliposoma. Lakini katika kicheko hicho mna elimu. Mwanakijiji wa Uganda alitoa kwa siku gramu 400 na kitu, na kile alichokimeza kilimaliza safari yake kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Mwanamaji wa Kiingereza alitoa gramu 100 na kidogo, na safari ilimchukua zaidi ya siku tatu. Choo kidogo, kikavu, kinachokawia, kinataka kusukumwa kwa nguvu, na nguvu hiyo, walisema, ndiyo inayotokeza vijifuko.

Sasa nauliza: yule mwanakijiji aliyepimwa alikuwa anakula nini ambacho bibi yangu hakuwa akikila? Bibi yangu alisaga mtama na wimbi juu ya jiwe, lile linaloitwa pong' kwa Kijaluo, na jiwe halijui kukoboa. Linasaga punje na ganda lake na kiini chake pamoja. Kisha mahindi meupe yalitamalaki, ikaja mashine ya posho, ambayo kwa haki yake bado husaga punje nzima ukitaka. Kisha ukaja unga wa pakiti, mweupe kama chokaa, ambao ganda na kiini chake vimeondolewa wakapewa ng'ombe. Ndiyo kusema ng'ombe wa Nyanza wanakula pumba ambazo Burkitt aliwasihi Waingereza wazile! Na nasikia watu wakisema unga wa posho ni wa maskini. Mimi siwezi kumzuia mtu kujivunia weupe wa sima yake, ila ajue anachokilipia.

Ni wajibu wangu, hata hivyo, kusema kwamba dhana ya Burkitt haikupita salama katika kila mlango. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliwachungulia kwa kamera ya utumbo watu zaidi ya 2,000, wakakuta kinyume cha walivyotarajia, ya kuwa waliokula nyuzinyuzi nyingi hawakuwa na vijifuko vichache. Walikuwa navyo zaidi. Basi yamkini kutokea kwa kijifuko kuna sababu nyingine, umri na urithi wa damu vikiwamo. Lakini kijifuko kuwepo ni jambo moja na kijifuko kuwaka ni jambo jingine, na juu ya huko kuwaka ushahidi umesimama upande wa bibi yangu: uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2011, wa watu zaidi ya 47,000, ulikuta kwamba wasiokula nyama walilazwa au kufa kwa maradhi haya kwa kiasi cha asilimia 31 pungufu kuliko wenzao, na kwamba kadiri nyuzinyuzi zilivyozidi ndivyo hatari ilivyoshuka. Majirani zangu Wasabato, ambao misheni yao iko Gendia tangu 1906, wale miongoni mwao walioacha nyama kabisa, wasije wakanitambia sana baada ya mkutano.

Wala tusijidanganye kwamba bado sisi ni wale wanakijiji wa vipimo. Madaktari wa eksirei wa Kampala walichapisha ripoti yao juu ya vijifuko vya utumbo mwaka 2002, katika mji ule ule ambamo Trowell hakuviona ila kwa nadra.

3. Meza mbili

Hapa ndipo kiini cha maneno yangu, nami naomba wenye kalamu waandike.

Wakati wa moto, yaani maumivu yameshika na joto la mwili limepanda, jambo la kwanza si chakula. Ni kwenda kwa tabibu, kwa sababu kijifuko kinaweza kutoboka, na kilichotoboka hakitibiwi kwa uji. Tumbo likikakamaa kama ubao, mtu akitapika asiweze kuzuia hata maji, akitoa damu nyingi katika choo, au akitoa upepo pamoja na mkojo, basi asingoje asubuhi. Tabibu akiona moto ni mdogo na kukuruhusu nyumbani, utumbo unataka kupumzishwa kama mguu uliotegulika. Siku mbili au tatu hunywewa vitu vyepesi visivyo na makapi: maji, chai ya rangi isiyo kali, maji ya machungwa yaliyochujwa, na mchuzi wa samaki aina ya ngege uliopitishwa katika kichujio usibaki na chembe. Maumivu yakipungua huingia vyakula laini: wali mweupe, viazi ulaya vilivyomenywa na kupondwa, yai la kuchemsha, mtindi au maziwa lala kwa yule ambaye maziwa hayamsumbui, ndizi mbivu, ngege aliyechambuliwa miiba yote. Na katika siku hizo chache, mabibi na mabwana, ule unga mweupe wa pakiti nilioutukana punde hivi ndio unaokuwa rafiki, kwa sababu ile ile niliyoutukania: hauna kitu cha kuupa utumbo kazi.

Dada yangu hakulijua hilo. Siku ya pili ya maradhi yangu alikuwa amesikia redioni kwamba nyuzinyuzi ni dawa ya tumbo, akaniletea sima ya mtama nyeusi tititi, na dek, yaani mgagani, iliyochemshwa ikalala na maziwa usiku kucha hata uchungu ukaisha. Sijapata kuona dek nzuri kama ile. Niliila kwa heshima ya mkono ulioipika, na usiku ule nikajikunja kama kiwavi mpaka mwadhini wa Kendu Bay akaadhini, nami niko macho namsikiliza. Chakula kilikuwa cha halali, kitamu, na cha siha. Kosa lake lilikuwa tarehe.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu haliumi upesi. Rafiki yangu mmoja wa upande wa Migori, mwalimu kama mimi, aliambiwa ale vyakula laini, wala hakuambiwa mpaka lini. Akaogopa. Miezi minane alikula wali mweupe na mchuzi, akazitoa mboga na maharagwe katika nyumba yake kama watu wanavyomtoa nyoka, choo kikamfunga siku nne siku tano, na mwezi wa tisa moto ukamrudia. Meza ya moto ni ya siku, pengine ya majuma machache kwa agizo la tabibu. Mwenye kuifanya makao anajitayarishia moto wa pili.

Wakati wa amani, basi, hurejewa taratibu kile tulichokiacha. Kipimo kinachotajwa na wataalamu kwa mtu mzima ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na kwa kuwa hakuna mtu atakayeweka mizani jikoni, nitakitafsiri kwa lugha ya sufuria. Kikombe cha wali mweupe hakina hata gramu moja. Kikombe cha maharagwe yaliyoiva kina yapata gramu 12. Kiazi kitamu cha kadiri, kama vile vya rangi ya machungwa vinavyolimwa Kabondo, kikipikwa na ganda lake kina gramu nne hivi. Samaki, nyama, yai na maziwa havina hata chembe, ijapokuwa nimewahi kusikia mtu akiapa kwamba omena wana nyuzinyuzi kwa kuwa huliwa na miiba yao! Omena wana mengi mema, na chokaa ya mifupa ni mojawapo, lakini nyuzinyuzi ni mali ya mimea peke yake.

Ukitazama hesabu hiyo utaona kwamba sahani ya nyoyo, mahindi na maharagwe kwa pamoja, ni nusu ya safari, na kwamba sisi wa nchi hii hatuna haja ya kununua pumba katika kopo. Asubuhi uji wa wimbi, ambao ndugu zetu Wakuria wamekuwa mabingwa wake tangu zamani, mchana nyoyo, jioni sima ya unga wa posho, au ya mtama uliochanganywa na muhogo, na juu yake mboga: osuga, yaani mnavu, au dek au boo au mitoo. Naitaja apoth peke yake, ile ambayo wengine huiita mrenda, kwa sababu uteute wake unaoteleza ni nyuzinyuzi za namna inayoyeyuka majini, na mtu anayerudi kutoka meza ya moto huona inapita kooni na tumboni kwa upole kuliko mboga zenye mishipa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ameitumia kazi yake ya miaka mingi kuzirudishia heshima mboga hizi, ambazo zamani za shule yangu tulifundishwa kuziita magugu, tukang'oa mnavu tupande kabichi.

Lakini taratibu, nimesema. Mtu aliyekaa majuma mawili juu ya wali mweupe akiamka siku moja akala bakuli la nyoyo, atajaa upepo kama ngoma, na atasema mhadhiri alimdanganya. Ongeza kitu kimoja kwa juma: juma hili mboga iliyoiva sana na kukatwa ndogo, juma lijalo kiazi kitamu kilichomenywa, kisha unga wa posho, kisha maharagwe, ambayo ni vema yalale majini usiku na maji yale yamwagwe. Na kila ukiongeza nyuzinyuzi ongeza na maji ya kunywa, kwa sababu nyuzinyuzi kavu bila ya maji hufanya tope gumu, ndiyo kusema unajiletea kile unachokikimbia.

Juu ya nyama nitasema kidogo, nisije nikakosana na wenye vibanda vya nyama choma vya stendi. Uchunguzi wa wanaume wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta waliokula nyama nyekundu kwa wingi wakipata maradhi haya zaidi, na ukakisia kwamba kuibadilisha kwa kuku au samaki kunapunguza hatari. Nasi tunaishi wapi? Kutoka dirisha hili naliona ziwa.

4. Njugu, mbegu na hofu

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na zaidi na watu wa Ndhiwa wanaolima njugu. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliwakataza wagonjwa njugu, simsim, bisi, na matunda yenye mbegu ndogo kama mapera na nyanya, kwa dhana kwamba mbegu itaingia katika kijifuko ikakwama na kukitia moto. Dhana hiyo inaelekea akilini, hata mimi niliiamini bila ya kuuliza, na kwa mwaka mzima nilikula nyanya nikizitoa mbegu moja moja kwa ncha ya kisu kama sonara.

Kisha wakaja watu waliohesabu. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi wa wanaume 47,228 wa Marekani, waliofuatwa kwa muda wa miaka 18, wakiulizwa mara kwa mara walichokula. Waliokula njugu au bisi angalau mara mbili kwa juma hawakupata madhara kuliko wenzao. Bali walipata divertikulitisi kwa uchache kuliko wale waliovigusa kwa nadra. Basi katazo lile la zamani halina msingi kwa wakati wa amani. Wakati wa moto njugu hungoja pamoja na wenzake wote wenye makapi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuona chakula fulani kinamsumbua yeye, akakiacha kwa uzoefu wake. Lakini asiwakataze na majirani.

Niliipata habari hii na nyanya zangu zikiwa mkononi, na kisu.

5. Yaliyo nje ya sahani

Nitayapita upesi. Tumbaku huongeza hatari ya maradhi haya na ya matatizo yake, na hili nalisema kwa unyenyekevu mbele ya watu wa Migori na Kuria ambao tumbaku imewasomeshea watoto. Unene wa kiunoni huongeza. Kutembea kwa miguu na kazi za jasho hupunguza. Na kuna dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hununuliwa dukani kama peremende kwa ajili ya magoti na mgongo: hizo nazo, zikitumiwa mara kwa mara, huongeza hatari ya kijifuko kuwaka na kutoka damu, wala muuza duka hatakuambia. Mimi nilizimeza miaka sita kwa ajili ya goti. Fauka ya hayo, aliyepata moto kwa mara ya kwanza amuulize tabibu wake juu ya kuchunguliwa utumbo kwa kamera baada ya majuma sita au manane, kwa maana saratani ya utumbo huweza kuvaa nguo za maradhi haya.

Bwana Mwenyekiti, ninayo maombi mawili, kisha nakaa. Ombi la kwanza nawaelekezea wauguzi wa kaunti zote mbili: iandikwe karatasi moja, upande mmoja meza ya moto na upande wa pili meza ya amani, kwa Kijaluo, kwa Kikuria na kwa Kiswahili, nayo itaje ngege na apoth na nyoyo kwa majina yake, na chini pabaki mstari ambapo tabibu ataandika tarehe ambayo mgonjwa ageuze ukurasa. Kuandika nitajitolea mimi, bure, na mwenzangu yule wa Migori amekubali kusahihisha, kwa sharti kwamba kisa chake kisitajwe kwa jina, sharti ambalo nadhani nimelitimiza.

Ombi la pili nawaelekezea walimu wakuu waliopo. Shule nyingi bado zina kipande cha ardhi nyuma ya jiko. Msimu wa mvua ujao papandwe osuga na dek badala ya kabichi peke yake, na mahindi ya shule yasagwe bila ya kukobolewa walau siku tatu za juma, tuone watoto watasemaje. Watalalamika mwezi wa kwanza, nawajua.

Dada yangu naye, ambaye ameketi pale kando ya mlango, ameniahidi chungu cha dek kwa juma lijalo. Nimekwisha kumuuliza tabibu, naye ameridhia tarehe. Sasa kuna mama mmoja pale nyuma ameuinua mkono tangu nilipotaja njugu, na hajaushusha hadi hivi sasa. Bwana Mwenyekiti, naomba apewe swali la kwanza.